Kiti ya Mbele, Njia ya Sakania

Kiti ya mbele mu kamio haiko ya kupumuzika. Njo vile tulikuwa tunasema, siye bamama ba parokia, wakati tulianza kusafiri pamoja na makamio ya bacommerçant, bale ba kuuzisha mali, kwenda kuangalia bagonjwa ao kulia matanga. Mwenye kuikala pembeni ya shofere asisinzie. Amupatie mayi, apanguse kioo kama mvuke inaifunika, amusemeshe. Asilalamike juu ya mashimo, shofere naye anayaona. Na asigeukegeuke kucheka na benzake benye kukaa nyuma juu ya mizigo, sababu shofere atageuka naye.

Ile yote nilikuwa nayua. Kitu sikuyua ni namna ya kukaa katikati ya mama na bwana ya binti yake.

Ilikuwa wakati ya mvua mingi, Noeli ikiwa karibu. Nilikuwa na mwenzangu wa kusali, njo tulijifunza naye kusoma mu masomo ya mangaribi; alikuwa ananiita Yaya, kama dada yake mukubwa. Alikuwa na binti moja tu, na yule binti aliolewa na shofere moja wa Sakania. Asubui moja yule shofere akafika mu cité kwetu na kamio ya patron wake. Hakukaribia mulango ya mwenzangu. Alisimama mu njia, akaniita miye, jirani.

"Mama, umuambie mama pale ndani, muke wangu anazaa vibaya. Anaita mama yake."

"Na weye, ulilala?"

"Kulala wapi, mama? Nimeendesha usiku yote."

Kwetu, mama na mukwe wake habaangaliane mu macho, habakule pamoja, habasemeshane. Ni heshima ya buko. Siye bakristu pia tulikuwa tunaishika. Basi mwenzangu alitoka na kifurushi yake, akapita mbali na shofere, akapanda nyuma, juu ya mifuko ya bunga. Treni ya ile siku ilikuwa imekwisha kwenda. Miye nikaikala mbele.

Hatukufika hata mbali na muji, mvua ikaanza kupiga. Mwenzangu alikuwa na kifua mubaya tangu zamani. Nikasikia anakohoa, anakohoa, bila kupumua. Nikamuambia shofere asimame, nikashuka.

"Kuya mbele."

"Yaya, uko na kichwa? Nikae na mukwe wangu mabega kwa mabega?"

"Ukifika na homa, nani atamutunza mwenzake? Weye, ao mutoto mwenye kuzaa?"

Mwenzangu akafungua kikwembe yake ya juu, akajifunika kichwa na uso yote upande ya shofere, akapanda, akajibana ku mulango. Miye nikakaa katikati, magoti yakigonga fimbo ya kubadilisha vitesse. Shofere alikuwa anaangalia njia tu, shingo kavu kama mutu wa kupigwa picha.

Tukaenda. Kisha kitambo kidogo, kikwembe ikasema:

"Yaya, umuulize kama alikula."

Nikamugeukia shofere. Alikuwa amesikia, lakini alingoja nimuulize.

"Umuambie mama, nilikula."

"Umuambie ni muongo. Tumbo yake inalia mpaka huku."

Nikatoa mihogo mu kifurushi ya mwenzangu, nikamupatia. Alikula na mukono moja. Nilitaka kucheka, lakini niliona namna anameza bila kutafuna, nikaacha.

Mu pori, matope yalikuwa mengi na njia ilikuwa moja tu mbele yetu, yenye kunyooka. Niliongea habari ya batoto wangu, ya soko, ya mahubiri ya padri. Habari ikaisha. Macho ya shofere yakaanza kufunga. Mara moja kamio ikaenda kando, nyasi zikapiga mulango, akaamuka, akairudisha mu njia.

"Tusimame ulale kidogo," nikamuambia.

"Nikilala, mama, tutafika kuzika."

Halafu nikasikia shanga za rozari mu mikono ya mwenzangu. Akaanza, na sauti ya kukwaruza: "Salamu Maria..." Nikafungua kinywa nijibu, lakini shofere alinitangulia. "Maria Mutakatifu, Mama wa Mungu..." Mwenzangu akaendelea, na sauti ya nguvu kuliko mwanzo. Shofere akichelewa kujibu, mwenzangu anarudilia yale maneno kwa ukali, mpaka ajibu. Habakuwa banasemeshana, balikuwa banamusemesha Mama Maria. Miye pale katikati nilipangusa kioo tu.

Tulifika Sakania mbele ya giza kuingia. Nyumba yabo ilikuwa chumba moja. Mwenzangu alishuka, akaingia mbio. Shofere hakuweza kuingia, mama-mukwe iko ndani. Alibakia na mikono ku volan ya kuendeshea. Miye pia nilibakia pale ku kiti. Sikuona vizuri kumuacha asikilize peke yake. Mu nyumba hakukuwa kilio, wala sauti ya mutoto. Midomo ya shofere ilikuwa ingali inasali.

Mulango ikafunguka. Mwenzangu alisimama pale, uso upande ya ukuta.

"Yaya, umuambie, mutoto, Mungu amemuchukua. Muke wake iko muzima. Anamuita."

Nikamugeukia, nikamuambia yote tena, polepole. Alitoa kofia yake. Lakini hakushuka.

Njo nikaelewa anangoja nini. Mwenzangu naye alielewa. Alishuka ngazi, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama mu mvua, mugongo ukielekea njia. Shofere akapita, akaingia kwa muke wake.

Nilimufuata kule nyuma.

"Hukukaa na binti yako hata kidogo," nikasema.

"Nilimushika mukono. Sasa ni saa ya bwana yake."

Mu dirisha tulisikia yule shofere analia, na binti anamutuliza. Hapo mwenzangu naye akaanza kulia. Alijaza kikwembe mu kinywa, sauti isimufikie mukwe wake.