Fundi Kenchi Arudi Darini kwa Mama Mkwe

Saa nne asubuhi, bati limeshapata moto. Mwanamume mzima amelala kifudifudi juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, ndani ya dari la nyumba aliyoiezeka mwenyewe. Jasho linamtiririka, na hataki kutazamwa usoni.

"Andika tu," anamwambia mwandishi. "Nimejiaibisha, tena ukweni."

Mtaani wanamwita Fundi Kenchi. Ameezeka nyumba zaidi ya arobaini, lakini hii ya mama mkwe wake, aliyoimaliza mwaka jana, ndiyo aliyokuwa akiwaonyesha wateja. Kileleni aliacha matundu ya kutolea joto. Chini ya upenu akaziba kote kwa mbao, ndege wasipenye, na kukapendeza kweli.

Basi hewa ya kutoka ikawa na njia, ya kuingia ikakosa. Dari likageuka tanuri, na vyumba vya chini navyo vikawa havilaliki kwa joto.

Mama mkwe, mjane mwenye sauti ya taratibu, hakusema neno. Kila mara Fundi Kenchi alipopita kumsalimia, mama alimsifia nyumba. Usiku alivuta mkeka akalala barazani. Amelelewa hivyo, kumgombeza mkwe hawezi.

Siri ilitoka pale binti yake, mke wa fundi, alipokwenda kumuuguza kifua akamkuta nje na mkeka wake.

"Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani," anasema Fundi Kenchi. "Mama anapigwa na baridi ya alfajiri kwa kunionea haya mimi! Nilitafuta sifa, nikamsahau anayelala humu."

Anashuka, anasimamisha ngazi nje, anaanza kukata matundu chini ya upenu. Kila moja analiwekea wavu.

"Pole na kazi, baba," mama mkwe anamwambia kutoka barazani. "Unajisumbua bure. Nyumba yangu haina neno."

Fundi anauacha msumeno. Machozi yanamlengalenga.

"Mama, nakuomba. Safari hii nigombeze."

Mama anatazama juu, kwenye matundu mapya.

"Hilo la tatu limepinda," anasema mwishowe, mdomo ameufunika kwa mtandio.

Kweli limepinda. Fundi analinyoosha bila ubishi. Anasema sifa hazitaki tena. Anachoomba ni mama arudi kulala kitandani, na siku joto likizidi amwite amfokee kama anavyomfokea binti yake.

Mama anajikohoza kidogo.

"Basi, mwanangu, na mlango wa jikoni. Haujawahi kufungika tangu siku ile ulipouweka."

Fundi anainamisha kichwa, anakwenda kutafuta randa.