Uongo Ndani ya Mchoro

Mdogo wangu Wivine Kaswera hamwamini mtu. Simsengenyi. Hata nikimwambia usoni hukubali, kisha huniuliza ni nani amenituma nimwambie.

Tunafanya kazi chumba kimoja huku mtaa wa Ndosho, chumba cha mbao chenye mlango unaotazama barabara. Upande wa mlangoni niko mimi, Charline, na cherehani yangu. Upande wa ndani, nyuma ya pazia nililomshonea mwenyewe, yuko yeye na kompyuta yake, chuma chake cha kulehemu na moshi wake unaonikereketa koo. Mteja wangu akichelewa kidogo kupimwa, pazia linasogea. Ni Wivine anachungulia. Mama mmoja aliyeleta kitenge cha harusi aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa mule ndani.

Kazi yake ni hii. Kuna kompyuta ndogo ya bodi moja tu, inaenea kiganjani, haina skrini wala vitufe, na ina tundu moja la kebo ya mtandao. Wivine huchora bodi nyingine inayobebwa mgongoni mwa ile, yenye matundu mawili zaidi, na hapo kompyuta inageuka ruta: intaneti inaingia kwa tundu moja na kugawanywa kwa mengine, shule nzima inapata, zahanati nzima inapata. Ruta za dukani hapa kwetu hazidumu, umeme unaziua kwa kuja na kuondoka bila hodi. Zake zinadumu kwa sababu anazichora akiujua umeme wetu. Hilo nampa, hata siku nikiwa nimemkasirikia.

Zamani hakuwa hivi. Alikuwa na rafiki, Janvier, aliyesoma naye, na bodi yake ya kwanza alimwonyesha yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Baadaye akaikuta ikiuzwa mjini kwa jina la Janvier, na Janvier akasema mbele za watu kwamba Wivine ndiye mwigaji. Alilia mpaka macho yakavimba. Alipomaliza kulia akaokota jiwe la volkano uani, jiwe ambalo sisi hatununui maana tumelikalia, akaanza kusugua maandishi yaliyo juu ya kila chipu ili asiwepo wa kujua ni chipu gani. Tangu hapo ndivyo anavyofanya. Kwaru, kwaru, kwaru nyuma ya pazia, nami nashona.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyohuyo aliolewa na mwanaume ambaye ukoo wetu mzima ulimtilia shaka. Grégoire Nzabonimpa ni mtu wa Rutshuru, muuza vipuri vya pikipiki. Sisi ni watu wa Butembo, na kwa siku hizi za vita, waasi wakiwa wametokea upande wa kwao, sina haja ya kueleza mengi. Wajomba walisema, mashangazi wakasema zaidi. Walitaka kujua anapokea simu za nani na kwa nini anatoka nje kuongea. Wivine alisimama katikati yao akawaambia, "Mutu anamushuku bwana yangu, ananishuku mie." Siku ile nilimpenda mdogo wangu kuliko siku zote.

Tangu benki zifungwe kwa vita, hawezi kuagiza bodi mwenyewe. Grégoire ndiye anayevuka mpaka pale Bunagana kufuata vipuri vyake Uganda, akiwa na fleshi yenye mchoro mfukoni. Huipeleka kwa wakala Kampala, wakala anaagiza kiwandani China, na safari inayofuata Grégoire anarudi na bodi zimefichwa katikati ya cheni za pikipiki.

Sasa sikia alichokuwa akifanya Wivine. Katika kila mchoro aliompa bwana yake alitia uongo. Njia mbili za umeme zinazokwenda kwenye chipu kubwa alizibadilishana: ya kuingia akaiweka pa kutoka, ya kutoka pa kuingia. Mtu akiiba mchoro na kuutengeneza, chipu yake inaungua. Bodi zikifika kwake, anazikata zile njia kwa wembe na kuziunga upya kwa nyaya nyembamba, kila moja mahali pake, kwa mkono. Nililigundua kwa sababu wembe ulikuwa wangu, wa kufumulia nyuzi.

"Grégoire anajua?" nilimuuliza.

"Ajue juu ya nini? Yeye anabeba tu."

"Ni bwana yako, Wivine."

"Janvier naye alikuwa rafiki yangu, yaya."

Akiniita yaya, dada mkubwa, najua mazungumzo yamekwisha. Ukibishana naye anaanza kukutazama wewe.

Kisha zikaja bodi za kituo cha uzazi cha Kibati. Wivine akakata, akaunga, akalehemu chipu, akawasha. Moshi. Si ule wa kawaida ninaoulalamikia kila siku; huu ulinuka kama plastiki iliyoangukia makaani. Akajaribu bodi ya pili, moshi tena. Chipu zenyewe ni za kutafutwa kwa tochi. Akaweka kila kitu chini, akachukua kioo cha kukuzia na bodi ambayo hakuwa ameigusa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Haiko," alisema.

Uongo haukuwemo. Mtu alikuwa amezirudisha njia mahali pake panapofaa, na yeye, kwa wembe wangu, alikuwa amezipotosha upya.

"Mutu alifungua mchoro yangu, yaya. Mutu anajua kuisoma."

Tangu saa ile hakukuwa na amani. Aliukagua mfuko wa bwana yake, akaikagua simu yake. Aliniuliza ni nani wanaokaa kwenye kibanda chake cha vipuri, na kama kuna sura mpya. Muuza cheni anajifunzia wapi kusoma saketi, alisema, kama si mtu aliyetumwa? Nami shaka yake ikaniingia. Nikakumbuka kuwa Grégoire aliwahi kuniuliza Wivine anarudi nyumbani saa ngapi. Mume kuuliza mke wake anarudi saa ngapi! Lakini wakati huo niliona ni jambo zito.

Grégoire alipokuja mchana alikuwa na samaki wadogo wa ziwani, sambaza za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi. Wivine hakumsalimu.

"Nani alifungua mchoro yangu?"

"Ni mie," Grégoire alisema, tena akitabasamu. "Niliona kosa. Zile njia mbili ulizichanganya, nikazirudisha. Sikukuambia juu sikutaka upate haya."

"Ulijifunzia wapi kuona kosa?"

"Kwa ile kompyuta yako ya zamani. Kila fasi nalala njiani, nafungua, nasoma. Unarudi nyumbani unaongea juu ya kazi yako, mie nasikia sawa vile redio ya luga ingine. Nilitaka siku moja nikujibie."

Laiti Wivine angenyamaza hapo, akala sambaza zake. Lakini mtu aliyetega mtego, mtego ukiguswa, lazima aseme.

"Haikuwa kosa. Niliitia mie."

"Juu ya nini?"

Grégoire aliutazama wembe, akazitazama bodi zilizoungua, akanitazama mimi niliyekuwa nimeinamia cherehani. Si mjinga.

"Juu yangu?"

Wivine akaufunika wembe kwa kiganja.

"Kwenu bote walinishuku," Grégoire alisema. "Nikavumilia, juu wewe haukunishuku."

Akaziweka sambaza juu ya meza yangu, akatoka. Nilimkasirikia mdogo wangu mpaka nikavunja sindano. Nilimwambia maneno ambayo mama yetu angeyasikia angeniziba mdomo. Yeye alilia tu.

Baada ya hapo alichora upya, bodi ileile ya Kibati, safi, bila hila yoyote. Alimwita Grégoire, akalivuta pazia lote pembeni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamkalisha kwenye kiti chake. Grégoire akafuata njia moja moja kwenye skrini kwa kidole, polepole. Akimaliza anarudi mwanzo. Wivine alisimama nyuma yake akiwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Kosa uliitia wapi?" Grégoire aliuliza.

"Hakuna. Naapa mbele ya Mungu."

"Hata ile ya kwanza haukuniambia."

"Hii haina, Grégoire. Haina kitu."

"Iko. Ni mie tu sijaiona." Alichomoa fleshi, akamrudishia mkononi, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. "Nitaibeba siku nitaiona."

Alikwenda Bunagana na mfuko wake, akarudi, akaenda tena. Fleshi imebaki hapa. Kibati wanapiga simu kuuliza ruta yao. Wanandoa hawa bado wanakula sahani moja, lakini sasa Grégoire ndiye anayemtazama mke wake kwa jicho la pembeni, kama wajomba zetu walivyomtazama yeye. Akipewa chai anashukuru, kisha anakaa kidogo kabla ya kunywa.

Jana niliinua pazia kuchukua mkasi wangu. Wivine alikuwa ameufungua ule mchoro safi. Alikuwa anazivuta njia mbili za umeme na kuzibadilishana tena. Safari hii hakuzificha chini ya chipu. Alizileta ukingoni kabisa mwa bodi, peupe, mahali ambapo hata mimi mshona nguo niliziona.

"Yaya," aliniuliza bila kugeuka, "hapa ataiona?"