Simu Iliyopigwa kwa Ajili Yangu

Barua ya kuitwa chuoni ilipofika, mama alilia, baba akazima mashine ya boti aliyokuwa akiijaribu ndani ya pipa la maji, na kesho yake asubuhi nikaambiwa nivae buibui jipya tuvuke Amu, mjini Lamu, kumshukuru mjomba wa mama.

"Kumshukuru kwa lipi?" niliuliza.

"Yeye ndiye aliyekusemea." Mama alikuwa akipanga kamba mawe wanne kwenye ndoo ya barafu. "Alipiga simu Nairobi. Usijifanye hujui."

Wallahi sikujua. Nilichojua ni kwamba baba yangu ni fundi wa mashine za boti pale Kizingitini, na kwamba nilijifunza kufungua kabureta kabla sijajua kupika wali ukaiva sawasawa. Nafasi za kusomea ufundi wa ndege zilikuwa chache kwa nchi nzima, na tulioziomba tulijaza ukumbi mpaka verandani. Tulifanya mtihani wa kuandika. Tuliobaki tukawekewa kila mmoja pampu ya mafuta mezani, tukaambiwa tuifungue yote, tuseme ina ubovu gani, kisha tuirudishe. Kijana wa meza ya pili alibakiwa na springi mkononi, akaitia mfukoni taratibu. Mimi nilitoa mpira wa ndani uliochanika, nikauonyesha, nikafunga, nikakaa nikipangusa vidole. Baada ya hapo nilihojiwa na watu watatu, na mmoja wao hakuniangalia usoni hata mara moja. Nilidhani ndiyo tabia yake.

Kwa hiyo nilivuka Amu nikiwa na maneno tumboni.

Mjomba wa mama ana majumba mjini na anajuana na wakubwa. Tulimkuta barazani kwake na wageni. Ndoo ikapelekwa jikoni, na haukupita muda akaletewa kamba wake wa kuchoma, akala mbele yetu huku akizungumza. Alifyonza miguu ya kamba mmoja mmoja kwa sauti, mafuta yakimshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kila alipomaliza mmoja aliuelekeza kwangu kama mtu anayeonyesha bidhaa.

"Ndia hii ya chuoni nimeifungua mimi," aliwaambia wageni. "Binti wa Kizingitini ataingiaje kule bila mtu wa kumtaja? Nimempigia mkubwa wao mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Jina lako nani vile, mwanangu?"

Wageni wakacheka kwa upole. Mama pia akacheka. Nikalitaja jina langu.

"Haya, mpe babu yako mkono," mama akaninong'oneza.

Alinyoosha mkono bila kuunawa, ila aliufuta kidogo kwenye kikoi. Niliinama nikaubusu. Ulikuwa laini na vuguvugu, na kitunguu thaumu kilinibaki midomoni. Nilipofika kichochoroni nilitema, nikajifuta kwa upindo wa buibui, nikatema tena. Mama alidhani ni kichefuchefu cha bahari.

Chuoni nilianza vizuri. Mwalimu wetu wa karakana alikuwa mama wa makamo mwenye maneno machache. Siku moja tulibaki wawili tukikusanya vifaa, akaniuliza kama yule mzee wa Lamu ni baba yangu.

"Mzee yupi, mwalimu?"

"Aliyepiga simu. Hakujua hata unaitwa nani. Alisema tu, yule binti wa Kizingitini." Alikuwa akihesabu spana huku akiongea. "Hapa tukipigiwa simu, jina linawekwa pembeni. Mwenzangu mmoja alitaka uondolewe kabisa, alisema wewe ni mtoto wa kubebwa. Mimi ndiye niliyeirudisha pampu yako mezani, nikaifungua mbele yao waone kazi."

Nikamkumbuka yule aliyekataa kuniangalia. Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikaacha maji yatiririke, maana nilijua kukiwa kimya nitayasikia tena yale mafyonzo ya barazani. Mtu amekaribia kuninyima kitu nilichokipata kwa mikono yangu, kisha akanipa mkono wake niubusu. Nami nikaubusu.

Nilimpigia mama nikamsimulia.

"Usimwambie mtu," akasema. "Yule ni mjomba wangu."

"Bado unampelekea kamba?"

"Kila mwezi. Anauliza mwenyewe akichelewa kuletewa."

Sikukuu ya Idd nilirudi, tukaenda kumwamkia. Baraza lilijaa. Alinyoosha mkono kama kawaida yake, huku akiwaambia watu, "Fundi wangu huyu." Nilimwamkia kwa mdomo, nikaweka mkono wangu kifuani, nikasimama. Wake ukabaki hewani. Aliutazama, akatutazama sote, mwishowe akautumia kuweka kofia yake sawa.

Mama hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa tunafua, akaniuliza bila kuinua macho, "Ni kweli hakuwa akijua jina lako?"

"Hakuwa akijua, mama. Na wewe ulimsikia akiniuliza."

Akasonya kwa nguvu, akaikamua shuka kama aliyeshika shingo ya mtu. Kamba hawakwenda tena Amu, ingawa hakuna aliyetangaza jambo hilo.

Kabla sijarudi chuoni alikuja binti wa shangazi yangu kutoka Mbwajumali. Anamaliza kidato cha nne na anaitaka kozi ileile. Alikuwa na mfuko wa mapapai, akauweka miguuni pangu, akakaa chini kabisa mkekani ingawa kiti kilikuwepo.

"Dada, na mimi utanisemea?" akauliza. Akaushika mkono wangu, akainama.

Niliuvuta kwa haraka hata kucha zikamkwaruza. Mate yalinijaa mdomoni, yaleyale ya kichochoroni. Nilimwambia achukue mapapai yake, alete daftari, tuanze na hesabu za sehemu, kwa sababu ndizo zilizowaangusha wengi. Alileta daftari. Tulisoma mpaka alasiri na kichwa chake ni chepesi, anashika haraka. Lakini alikuwa amenuna, na wakati wa kuondoka nilimsikia uani akimwambia mama kwamba tangu nimeingia chuo nimekuwa na roho mbaya, sitaki wenzangu wapate.