Kabati Lililokaa Mahali pa Mbegu

Mwanangu, siku lori lilipokuja kutuhamisha naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Harusini nilikuwa nimefunikwa, sikuona mengi. Siku ya lori macho yalikuwa wazi kabisa, na bado nikafanya ujinga. Nakusimulia kwa sababu juzi ulipokuja kunisalimia hapa Ipuli ulikaa kwenye ncha ya kiti, simu mbili mkononi, chai ukaimeza ingali ya moto, ukaniambia, "Bibi, nyumba imejaa, kazi zimejaa, hata pa kupumulia sina." Nikacheka. Usidhani nilikudharau, nilikuwa najicheka mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mtoto mmoja. Tulikaa porini upande wa Sikonge, nyumba hapa na nyingine huko, hata ukipiga kelele jirani hasikii. Mume wangu alikuwa na kibarua cha reli Igalula, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na mtoto na Babu, yaani babu yake mume wangu. Mzee huyo ujanani alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu begani kutoka Tabora mpaka pwani, kwa miguu, kabla reli haijafika kwetu. Begani alikuwa na sugu kubwa, ukimgusa ngumu kama kisigino. Na kwa kuwa babu na mke wa mjukuu ni watani, yeye aliniita "mke wangu", nami nilimwita "bwana mzee" nikitaka kumchokoza.

Wakati huo watu walikuwa wakihamishwa kutoka porini kwenda kukaa pamoja katika vijiji vya ujamaa. Tukaambiwa lori litafika Jumatatu, kila kaya iwe tayari. Wee! Nilichanganyikiwa. Nilikuwa na kabati la mninga lenye milango ya vioo, zawadi ya mume wangu nilipojifungua, na ndani yake vikombe vya kioo ishirini na vinne ambavyo hakuna mdomo uliowahi kuvigusa. Maji sisi tulinywea kata. Lakini kabati lile ndilo lililonifanya nijione mtu mbele ya watu.

Babu alifunga mzigo wake bila jasho: jembe, shoka, mkeka na chungu. Kando yake akaweka kilindo, lile pipa la gome la mti tunalohifadhia nafaka, na ndani yake mbegu zetu zote za mwaka ule, mtama, karanga na kunde.

Lori likafika. Dereva hakuzima hata injini. "Fanyeni upesi, nina kaya nyingine tatu!" Babu akapandishwa mbele na mtoto. Mimi nikawa ndani nje, ndani nje, kanga inafunguka naifunga huku nakimbia. Kabati lilipofika halikuingia. Wapakizi wakauliza, "Dada, tushushe nini?" Sikufikiri hata kidogo. Nikaonyesha kilindo. "Shusheni hicho, kitakuja na safari ya pili." Tukaondoka, kabati limesimama katikati ya lori kama bwana harusi.

Safari ya pili haikuwapo.

Tulikopelekwa hapakuwa na nyumba bado, palikuwa na vigingi na nyasi. Kabati langu likakaa uwanjani peke yake, mbuzi wakija kujitazama kwenye kioo na kukipiga pembe. Watu hawakuchelewa, siku hiyo hiyo wakaniita Mama Kabati. Hilo nililivumilia. Lakini Babu aliizunguka mizigo mara mbili, kisha akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Mke wangu, mbegu ziko wapi?"

"Zinakuja kesho, Babu. Na lori."

Akanitazama, akalitazama kabati, akaenda kutandika mkeka wake. Afadhali angenitukana.

Kesho lori halikuja, wala kesho kutwa. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki. Mvua ikikukuta huna mbegu, mwanangu, mwaka umekwisha hapo hapo, na majirani nao walikuja na za kwao tu, hakuna aliyekuwa na ziada. Nilimtazama mtoto wangu akicheza na udongo, nikajiuliza nitamlisha nini. Niliogopa, sikufichi. Siku ya nne Babu akashika fimbo yake. "Twende tukazichukue." Mtoto nikamwacha kwa jirani.

Nilitoka mbio. Babu yuko nyuma huko, anatembea kama mtu anayekwenda kutazama shamba lake. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimekaa kando ya njia, nyayo zinawaka moto, pumzi sina. Babu akanifikia, akanipita. "Shikamoo, mke wangu," akasema, na wala hakusimama.

Mzee wa miaka themanini ananiamkia mimi! Nikainuka, nikafuata mwendo wake, na kwa mwendo huo tukafika.

Mchwa walikuwa wametangulia. Walikitoboa kilindo kwa chini, karanga na kunde zimegeuka vumbi, mtama umebaki nusu. Nikaanguka chini nikalia. "Ni mimi, Babu. Mimi ndiye niliyesema kishushwe."

"Najua. Nilikuona kwenye kioo cha dereva, nikadhani labda wamekirudisha."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Lile dude lilikuwa linanguruma kunishinda."

Ungedhani nimejifunza. Thubutu! Machozi hayajakauka, nikaanza kukusanya vilivyobaki nyumbani: kinu kilichopasuka, kigoda, sufuria lenye tundu, hata mlango nikaung'oa. Babu akaniacha nifunge kila kitu pamoja na mbegu. Halafu akasema, "Haya, jitwike. Zunguka nyumba."

Nikazunguka mara moja, shingo ikalia. Nikauacha mlango. Nikazunguka tena, nikatupa kinu, kigoda na sufuria. Yeye amekaa kizingitini ananisimulia.

"Tulipotoka Tabora na mizigo, siku ya kwanza hatukwenda mbali. Tulitembea kidogo tu, tukapiga kambi mahali ambapo jogoo wa mjini unawasikia bado. Wageni wenye mizigo walituona wavivu. Lakini ni hapo bega linapokuambia ukweli, mke wangu. Aliyesahau kitu anarudi kukichukua, na aliyebeba cha bure anakirudisha. Ukishaingia pori kubwa siku kumi, utafanyaje?"

Nilipozunguka mara ya tatu kichwani pangu palikuwa na mtama peke yake. Tulirudi polepole, na mvua ilipotukuta karibu na kijiji nilivua kanga ya juu nikafunika mbegu, mimi nikalowa.

Mwaka ule tulivuna kidogo. Tulikula mlenda na uyoga hadi tukauchoka, na mtoto wangu alikonda kwa sababu ya kabati. Nasema hivyo bila kujitetea. Lakini alipona, na leo ana wajukuu. Baada ya mavuno nilitoa vikombe vyote nikawagawia majirani, na ndani ya kabati nikaweka mbegu. Kikombe kimoja alichukua Babu. Siku ya kwanza alipokinywea togwa alikigeuzageuza akasema, "Kumbe vilitengenezwa vya kunywea!" Alikitumia mpaka alipofariki.

Basi mwanangu, sikukatazi kuwa na vitu, wala sikwambii uache kazi zako. Nakuambia upige kambi karibu. Chukua siku moja, zima injini, hizo simu ziweke chini. Jitwike kila ulicho nacho, vyombo, vikao, ahadi ulizowapa watu kwa kuona haya, uzunguke navyo nyumba yako na uisikilize shingo. Kinachokuumiza bila kukulisha, kiweke chini ungali karibu na nyumbani. Na kabla hujasema "hiki kitakuja na safari ya pili", kifunue kwanza uone ndani kuna nini. Mimi sikufunua.

Nenda kwa mwendo wa Babu, mwanangu. Mungu akupe shingo isiyolia na nyumba yenye pa kukaa mgeni, na mvua ikikukuta njiani, ikukute umeshika mbegu.