Nilimwogopa Jirani, Nikaliua Gari la Bwanangu

Ni mimi! Mdomo wangu huu huu ndio uliofanya kazi hiyo, na wala sikulishwa kitu wala sikutumwa na mtu. Siandiki jina langu kwa sababu kisiwa chetu cha Pate ni kidogo. Mtu akipiga chafya Mtangawanda, Siyu wanamwitikia yarhamukallah.

Nisikilizeni, halafu mnitukane mkitaka.

Bwanangu ni fundi. Alianza na vyombo vya baharini kama baba yake, kisha mashine za boti, kisha akaingiwa na wazimu wa gari. Alichukua injini ya pikipiki iliyogonga, akachomea vyuma, akaunda mwili wa mbao. Na kwa kuwa mkono uliozoea vyombo hauachi desturi yake, kila penye mshono alitia kalafati, pamba na mafuta, kama anayeziba jahazi. Watu walicheka wee! "Fundi, hili litakwenda au litaelea?" Watoto wakalipa jina, Punda Asokula.

Lilikwenda, jamani! Lilipita kwenye mchanga ambamo pikipiki hulala. Lilibeba magunia ya nazi, lilibeba bibi harusi, na siku moja lilimbeba mama mwenye uchungu hadi gatini Mtangawanda, akaiwahi boti ya kwenda hospitali. Yule mtoto sasa anatambaa. Hayo yote nilikuwa nayajua, na ndiyo yanayonikata maini.

Lakini gari moja si kazi. Waliolisifu walikuwa wengi, wa kulinunua hawakuwako. Kwetu mtu akijaliwa hununua boti kwanza, kisha pikipiki, kisha huezeka nyumba. Bwanangu alibaki na gari lake moja, anawaza la pili litamwendea nani.

Ndipo akaja mgeni kutoka bara, dada mmoja wa makamo, mpole, kichwa amekifunga mtandio kwa heshima yetu. Alikuwa akitafuta magari ya zahanati za visiwani na za upande wa bara, mpaka kule Mkokoni. Akiridhika, bwanangu angeunda mengine, aajiri watu, kiwanja chetu kiwe karakana kweli. Bwanangu aliliosha gari lile mpaka nikamwambia ataondoa rangi.

Mgeni alilipanda, akazungushwa, akacheka kwa furaha. Saa ya chakula, kama ilivyo kwetu, wanaume walikula barazani na yeye akaletwa ndani kwangu. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na jirani yangu, ambaye hapa nitamwita Bi Rukia, alikuwa amekuja kunisaidia.

Sasa Bi Rukia ni mtu mwema. Lakini jicho lake! Aliusifu mpapai wangu bila kusema mashallah, ukakauka. Alimsifu mbuzi wetu, akafa na mimba yake. Sisemi ni yeye. Nasema nilikuwa namwogopa.

Na sisi tumelelewa hivyo, kitu ukipendacho hukisifu mbele za watu. Mtoto akiwa mzuri, mamake husema, "Kibaya hiki, tazameni pua." Nyumba ikiwa nzuri, mwenyewe huonyesha ufa. Wenyewe kwa wenyewe tunaelewana, tunajua maneno yamegeuzwa kusudi hasidi asipate pa kushika.

Mgeni akanisogelea mkekani. "Mama, nikuulize kama mwanamke mwenzangu. Hii gari iko sawa kweli? Haisumbui?"

Bi Rukia akaacha kukuna nazi ya chakula cha jioni. Akainua uso, akaningoja niseme.

Nikasema, ole wangu! Nikasema, "Gari gani hilo, mwanangu! Mbao na mabati tu. Leo lenda, kesho lalala. Mvua moya tu, basi, limekwisha."

"Ndiyo mambo ya kubahatisha hayo," Bi Rukia akaitikia, akarudi kwenye nazi yake.

Moyo wangu ukatulia. Nilijiona mjanja, nimeliokoa gari. Astaghfirullah, ujinga gani huu! Nilikuwa nasema na sikio la Bi Rukia, nikasahau kuna masikio mengine yaliyokuja kutoka mbali kwa ajili ya kusikiliza.

Mgeni akanishika mkono. "Asante kwa ukweli, mama. Wengi hunificha." Nikadhani ni adabu za watu wa bara. Bwanangu akampeleka gatini kwa gari lile lile, wakipunga mikono njia nzima.

Tulingoja. Kila simu ikilia, bwanangu alijifuta mikono kwanza, kama anayekwenda kupokea mkate. Ilipokuja ya mgeni, aliifungulia sauti ili na mimi nisikie kheri.

"Fundi, gari yako mimi niliipenda," alisema. "Lakini tumeamua kuleta za kutoka nje."

"Ina ila gani?"

"Sitaki kugombanisha watu. Ila hata wa nyumbani kwako wanajua haiwezi mvua."

Bwanangu alikata simu, akanigeukia.

"Ulimwambia nini?"

"Nalikuwa nalificha na yito la mtu," nikasema, nikaonyesha kwa midomo ukuta wa jirani mwenye jicho.

Alikaa chini. Angenipigia kelele ningeshukuru. "Yule ni mtu wa bara, mke wangu. Hayui hayo. Kwao kibaya huitwa kibaya."

Kesho yake nilimpigia mgeni mimi mwenyewe. Nikamweleza mambo ya jicho, mpapai, mbuzi, kila kitu. Nikaapa wallahi gari ni zima na mvua za masika limezipita zote. Nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyozidi kuonekana mke aliyetumwa.

"Naelewa, mama," akasema kwa huruma. "Bwanako yuko hapo kando, si ndiyo?"

Hakuwako! Nilikuwa peke yangu uani na kuku!

Kisha akaongeza neno lililonimaliza. "Na hata kama, mama. Fundi mmoja, kisiwa kimoja. Akiugua nani atatengeneza? Spea nitaagiza wapi? Anayeunda magari anahitaji watu wengi wa kuwauzia, na nyinyi mko wachache."

Hapo ndipo nilipokwama hadi leo. Sijui kama ni mimi niliyeliua gari lile, au lilizaliwa mahali pasipokuwa na pa kukulia. Nikijilaumu mno, nasema ni udogo wa soko letu. Nikililaumu soko, naisikia sauti yangu mwenyewe, tamu, "Gari gani hilo, mwanangu!" Nimemwuliza dada yangu, akasema ni kadari. Kadari naiamini. Lakini kadari haikunituma kusema lile la mvua.

Yale ya nje yakaja, mazuri, yanang'aa. La zahanati ya huku likazama mchangani na dawa zake ndani. Wakamwita nani? Bwanangu. Alikwenda na Punda Asokula, akafunga kamba, akalivuta likatoka. Vigelegele! Nikasema kwa sauti kubwa, Bi Rukia akiwa ubavuni pangu, "Mashallah, gari la bwanangu!" Watu wote walikubali ni gari la ajabu. Kisha wakaenda zao. Nani kati yao angeagiza jingine? Wote walikuwa wamekuja kwa miguu.

Juma hili ameanza kulifungua. Mwenye boti mmoja anaitaka ile injini.

Nilimfuata kiwanjani na chai. "Ngoja kidogo," nikamwambia. "Labda atakuya mtu."

"Mtu gani? Atoke nti gani?"

"Gari ni zuri. Tangu siku ya kwanza nayua ni zuri."

Akasimamisha mkono. "Hukuniambia hata siku moya. Walipokuwa wakicheka, mimi nalidhani nawe wanicheka."

Kweli sikumwambia! Niliogopa hata kulisifu tukiwa wawili, nikihofia ukuta una masikio. Nililificha gari kwa jirani, nikalificha na kwa mwenyewe aliyeliunda. Aliamka kila alfajiri akalipiga nyundo akidhani hana hata mmoja anayemwamini, kumbe alikuwa naye mmoja, na yuko jikoni amefunga mdomo.

Alikunywa chai, akasema, "Haya," akainama tena.

Wenzangu, nawaomba. Jicho lipo, silikanushi. Lakini dawa yake ni mashallah na dua, si kukitukana kitu cha mwenzako mbele ya anayetaka kukinunua. Mgeni akikuuliza, mjibu lile aliloliuliza. Na bwana wako, ndugu yako, mwanao, akiwa anaunda kitu ambacho dunia nzima inamcheka, mwambie ni kizuri wakati spana bado inafunga. Mimi nimemwambia wangu ikiwa inafungua.