Aliyeiogopa leza sasa anawatoa wenzake hofu

Saa kumi na mbili asubuhi mvuke umeshajaa katika bafu la umma la wanawake, mtaa wa Chilseong, jijini Daegu, Korea Kusini. Tak Geum-ok, 41, ambaye kazi yake ni kuwasugua wateja taka mwilini, anapiga makofi mawili juu ya kitanda chake cha plastiki. Maana yake: geuka.

Anayesuguliwa ni Maeng Ji-ae, mwalimu wa chekechea. Kesho kutwa anafanyiwa upasuaji wa macho kwa leza, na mwili wake umekakamaa kama ubao.

"Dada, nikipepesa je? Si itanichoma pengine?"

"Upepese vipi? Kope zinashikwa na kidude. Na jicho likicheza, mashine inalifuata. Likienda mbali, inajizima yenyewe. Mimi niliuliza hilo mara nne mpaka nesi akacheka. Haya, geuka, mgongo huu una taka za tangu mwaka jana!"

Wanawake waliomo kwenye dimbwi la maji moto wanaangua kicheko.

Geum-ok amesugua watu hapa kwa miaka kumi na mitatu, kama kumi na watano kwa siku. Macho yake yalikuwa mabovu na miwani iliingia ukungu, hivyo aliivua na kufanya kazi kwa kupapasa.

"Siku moja nilimgombeza mteja kwa kutonipigia simu, nikidhani ni dada yangu," anasema. "Naye akaniomba radhi!"

Kilichomtoa kwenye mzaha ni bibi aliyezimia dimbwini miaka miwili iliyopita, hatua sita tu kutoka alipokuwa.

"Niliona kitu cheupe, nikadhani taulo. Mwingine ndiye aliyepiga kelele. Bibi alipona, lakini mimi usingizi ulinipaa."

Alikwenda kliniki ya macho kuulizia leza, akiwaza upofu. Baada ya vipimo vya saa mbili, muuguzi, Bi Pyo, hakumficha kitu: upofu hutokea kwa nadra sana, macho kukauka kwa miezi kadhaa ni kawaida, wenye kioo chembamba cha mbele ya jicho hurudishwa nyumbani, na miwani ya kusomea angeihitaji uzeeni.

"Aliponiambia na mabaya, ndipo nikamwamini."

Siku yenyewe alitiwa matone ya ganzi, bila sindano. "Nililia kabla hawajanigusa. Bi Pyo akanishika mkono, akahesabu kwa sauti. Kufika ishirini na tano, jicho la kwanza limekwisha! Nilisikia harufu kama ya nywele zinazoungua, maumivu hakuna. Nikauliza, 'Ni hayo tu?'"

Jioni macho yaliwasha kama ya mtu aliyemenya vitunguu. Kesho yake akasoma bango la duka la ng'ambo ya barabara, kwa sauti, mara mbili.

Alikatazwa bafu mwezi mzima. Tangu arudi, wateja saba wamekwenda kupimwa kwa maneno yake. Wawili waliambiwa haiwafai, wakarudi na miwani mipya.

Ji-ae anashuka kitandani, ngozi nyekundu, uso umelegea. "Utanisindikiza, dada?"

"Jumanne sina kazi. Nitakushika mkono mpaka wanifukuze mlangoni."

Julai, Geum-ok anapanga kwenda na mumewe baharini Pohang.

"Miaka kumi na saba ya ndoa sijawahi kumwona akiogelea, nilikuwa nafuata sauti tu," anasema, akikamua kitambaa chake. "Anajisifu yeye ni samaki. Safari hii nitajionea mwenyewe."