Pikipiki Ilale Kwanza

Zamani pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, mwenyewe aliisukuma mpaka kwa fundi akaiacha hapo ilale. Siku hizi anakuja nayo ikinguruma, hashuki hata kwenye kiti, anauliza kazi itachukua dakika ngapi.

Mzee wa kibanda cha mabati kilicho mkabala na mashine ya kusaga hakuwahi kuwavumilia watu wa aina hiyo. Walimwita Fundi Kimya, na si kwa uchache wa maneno, maana akianza kuwasema mafundi wa kisasa ungetafuta pa kukimbilia. Jina lilitokana na desturi yake moja. Pikipiki inayosumbua wakati wa baridi lazima ilale kwake. Alfajiri, chuma kikiwa kimepoa mpaka ndani kabisa, aliweka kiganja juu ya injini kuhakikisha haina joto hata chembe, kisha akanyanyua mkono na kusema, "Kimya!" Hapo hata mwenye kikohozi alikimeza. Kwake yeye kiki ya kwanza ya asubuhi ndiyo pekee inayosema ukweli. Zinazofuata zote ni porojo.

Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye kitabu cha ufundi kisicho na jalada, kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua, kamusi pembeni, neno baada ya neno, miaka mitatu. Mafundi vijana wa ng'ambo ya barabara hawana kitabu wala masikio. Pikipiki haiwaki? Toa plagi, weka mpya. Bado? Toa koili. Bado? Toa kabureta nzima. Mwishowe mtu anaondoka na pikipiki nyingine kabisa chini ya tangi lile lile, na asubuhi bado haiwaki.

Mkewe alipofariki, mzee alibaki na chumba kimoja nyuma ya kibanda: kitanda, jiko la mafuta ya taa, na vikombe vinne vya maua ambavyo vitatu havikuteremshwa tena kutoka rafuni. Mwanawe wa pekee alikuwa mganga wa mifugo huko milimani, kwenye baridi ya kuuma mifupa. Siku alipoajiriwa, mzee alimkabidhi pikipiki yake mwenyewe, aliyoiendesha miaka ishirini. Mwanzoni kijana alikuja kila mwaka. Baadaye ikawa kila baada ya miaka miwili, kisha ikawa simu, na simu zenyewe za "nitakupigia baadaye, baba".

Basi mchana mmoja, bila taarifa, mzee akasikia mlio anaoujua kama anavyojua sauti ya mtoto wake. Alikuwa amesimama mlangoni kabla haujakata kona. Alikuwa mwanawe, na nyuma yake mkewe, na katikati yao binti wa miaka sita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba. Shukeni. Na wewe mchumba wangu, meno ya mbele umempa nani?"

"Yameng'oka, babu," mtoto alijibu akiziba mdomo.

"Basi ndoa imeahirishwa. Mimi sioi kibogoyo."

"Mbona na wewe huna?"

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemjibu namna hiyo.

Lakini mwanawe hakuvua kofia ya pikipiki. "Baba, hatukai. Tunapita tu, wakwe zangu wanatusubiri jioni. Ila hii kitu inanitesa. Asubuhi haiwaki kabisa, napiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi. Juzi niliitwa kuzalisha ng'ombe, nikafika saa tatu, nikakuta wanachimba shimo la kumfukia."

"Waliitazama mafundi wa kule?"

"Wamebadilisha plagi, koili, mpaka ringi za pistoni."

"Taa ya nyuma walisahau?" Mzee akagusa injini, akaondoa mkono haraka. "Inaunguza. Umeniletea mgonjwa aliyepona njiani. Hapa nitasikia nini? Lazima ilale."

"Baba, tafadhali, siku yenyewe..."

"Ilale."

Mke wa mwanawe ndiye aliyeamua. Alimshusha mtoto, akafungua mkoba. "Tulale tu. Nyumbani kwetu nitapiga simu."

Aliposema ilale, mzee hakuwa akidanganya jioni ile. Vikombe vyote vinne vikateremshwa, vikaoshwa vumbi. Kitanda aliwapa wao, yeye akajinyoosha kwenye benchi la kazi, akalala kama mtu aliyeshiba.

Alfajiri alimkuta mjukuu amekwisha kuamka, amejifunika shuka mpaka kichwani. Mzee akaweka kiganja kwenye injini. "Kimya!" Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kiki ya kwanza, bila choki. Hakuna kitu. Akavuta choki, akapiga tena. Mkoromo mkavu tu.

"Umesikia?" alimuuliza mwanawe.

"Sijasikia kitu, baba."

"Ndicho cha kusikia. Choki ivutwe isivutwe, kwake ni mamoja."

Akafungua plagi na kumwonyesha: kavu kama mfupa. Akadondoshea matone mawili ya petroli kwenye tundu lake, akaifunga, akapiga kiki. Pikipiki iliguta mara moja, ikafa. Hapo mambo yakawa wazi. Moto upo, pumzi ipo, kinachokosekana ni ile petroli ya ziada ambayo choki huiletea injini wakati wa baridi. Chini ya kabureta kuna kijitundu kama cha sindano ambamo choki hunywea, na kutu ya tangi kuukuu ilikuwa imekiziba. Injini ikipata joto haikihitaji tena, ndiyo maana mchana hakuna aliyegundua. Mafundi wa kule walikuwa wakiitibu ikiwa nzima.

Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Mwanawe akatazama saa. "Kwa hiyo, baba?"

Mzee alimtazama mtoto, aliyekuwa bado ameziba mdomo kwa kuwa hakuna aliyemruhusu kuufungua.

"Nitaisafisha," alisema. "Lakini siwezi kuiamini mpaka ilale tena."

Mwanawe alishusha pumzi, akatoka nje na simu yake.

Kabla ya adhuhuri kabureta ilikuwa wazi kwenye benchi. Mzee alichomoa uzi mmoja wa shaba kutoka waya mbovu wa taa, maana chuma kigumu kingekwaruza kijitundu. Aliusukuma nusu, akasita. Angeishia hapo, pikipiki ingewaka kesho, na keshokutwa, na baada ya miezi mitatu ingeanza tena kugoma. Mwanawe angesema, twende kwa baba. Wangelala tena. Mtoto angekuwa ameota meno. Ni nani angejua? Alikaa na uzi ule mkononi muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kisha akausukuma mpaka mwisho, akapuliza, akainua bakuli la kabureta juani, na mwanga ukapita kwenye kijitundu. Akasafisha na kutu ya tangi, akaweka na chujio jipya kwenye mpira wa petroli, ili uchafu usirudi kamwe. Kosa la makusudi mkono wake haukulijua, na alikuwa mzee mno kuanza kuufundisha.

Alipoinua macho, mkwewe alikuwa amesimama na beseni la mapazia aliyoyafua.

"Imepona, baba, sivyo?"

Mzee alifuta mikono. "Imepona."

"Basi sijaona kitu," alisema, akaenda kuanika.

Siku ile ilikuwa ndefu na nzuri. Mtoto alipanga nati zote kwa ukubwa, akazichanganya, akazipanga upya. Mwanawe alivua viatu hatimaye, akalala usingizi wa mchana kwenye mkeka.

Alfajiri ya pili, kiganja, kimya, choki, kiki moja. Ikawaka. Mwanawe akapiga kelele ya furaha, akamkumbatia. "Mkono wako huu, baba! Ikisumbua tena naileta hapa hapa."

"Ilete," mzee alisema.

Haikusumbua tena. Mwaka wa tano sasa, na kila simu huanza hivyo hivyo: "Baba, inawaka kiki moja mpaka leo!" Kisha anaulizwa afya, kisha kuna mtu anamwita mwanawe pembeni. Vikombe vitatu viko rafuni.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi ile. Walikata kona ya mashine ya kusaga, mtoto katikati yao amegeuza shingo, mkono mmoja ukipunga, mwingine umeziba mdomo kama alivyofundishwa. Mzee naye alikaa kimya, akausikiliza mlio, safi, bila kukwama hata mara moja, mpaka ukaisha.